Shemeji Yako Kafanywa Chambo

Shosti, uko? Leo baba katutoa kuvua na boti yake mpya, mimi na mume wangu.

Mawimbi yalipoanza tu, shemeji yako akatapika baharini. Samaki wakajaa palepale!

Baba akamkamata shingo. "Tapikia huku, kwenye ndoano zangu!" Kwenye ndoano zangu, shosti!

Mume wangu alipoishiwa, baba akamnywesha maji ya bahari aendelee. Tukavua samaki kumi na mmoja, changu watupu. Baba akamwambia: "Miaka sita ndani ya familia hii, leo ndiyo mara ya kwanza umetufaa."

Nikacheka. Mimi, mkewe, nikacheka hadi machozi.

Tulipofika nchi kavu mume wangu akanikabidhi ufunguo wake wa nyumba yetu, wala hakufoka. "Nenda ukacheke na baba yako."

Sasa baba ananiita nikapare samaki.