Mchicha Ulioota Kwenye Ufuo wa Mama Mkwe

Mpendwa Bi Lina,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho na usiniite mshirikina, maana mimi mwenyewe nimeshajiita hivyo mara nyingi na haikusaidia, na kama yupo mtu wa kuniokoa kabla sijapotelewa na akili au na hiki kilicho tumboni basi ni wewe unayewajibu watu barua zao za shida, kwani kwa mume wangu sithubutu kusema, na mama yangu aliyeko Moa nikimwambia atapanda bodaboda leo hii hii aje anichukue na mabegi yangu.

Mimi nimeolewa hapa Ngamiani, kwenye nyumba ya watu wenye asili ya Oman, mume wangu Asaad ni mpole na ana duka la vitambaa, na tulikuwa tukikaa na mama yake, Bi Shemsa, Mungu amrehemu, ambaye alinipenda kama mwanawe na hatukuwahi kugombana isipokuwa kwa jambo moja tu, nalo ni mboga. Bi Lina, yule mama hatulii mpaka kila mtu mle ndani ameshakula jani na tunda, na kwetu Moa jani ni chakula cha siku ambayo samaki amekosekana, ukimpikia mgeni mchicha mtupu atadhani unamfukuza, lakini kwa Bi Shemsa ilikuwa kwanza mchicha au matembele au kisamvu, wali baadaye, na chungwa la Muheza au kipande cha papai kikikungoja pembeni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mzito wa kula mboga, alikuwa akija kusimama nyuma yangu ananiwekea kiganja hapa shingoni, wala si kwa nguvu, kinakaa tu, anasema, "Kula mwanangu, hilo jani haling'ati," na hakiondoki mpaka sahani iwe nyeupe.

Mwaka jana akafariki ghafla, hapo hapo uani, kanga yake kiunoni. Akakoshwa nyumbani kama desturi ilivyo, na aliyemkosha ni jirani yetu Bi Mwatum, mama wa Kipemba anayesuka mikeka, nyumba yake imepakana na ua wetu na kuna kilango kidogo ukutani kinachotuunganisha, komeo lake liko upande wetu. Ufuo, kile kishimo kinachochimbwa ili maji ya kumkoshea maiti yaingie humo yasitapakae, ulichimbwa uani karibu na jiko, ukafukiwa, tukasoma hitima, watu wakatawanyika, na mimi, Mungu anisamehe, pamoja na kilio changu chote nikashusha pumzi nikasema sasa nitakula nitakacho. Ikawa asubuhi chapati na chai ya rangi, mchana wali na samaki, jioni mkate wa kumimina na chai tena, chungwa nikalisahau lilivyo, na Asaad kwa huzuni yake anakula anachoandaliwa, haulizi.

Mvua za vuli zilipoanza pakaota mchicha kwenye ule ufuo. Ua mzima ni udongo uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu, hapaoti hata kijiti, lakini pale umeota, tena umejipanga kwa urefu na upana wa ule ufuo, haukuvuka mpaka, mashina mekundu na majani mapana kama viganja. Nikaung'oa. Ukarudi. Nikaumwagia maji ya moto, ukalala siku hiyo, halafu ukarudi mzito kuliko mwanzo, na Asaad alipouona akaniambia niuache.

Halafu asubuhi moja nafungua jiko nakuta fungu la mchicha juu ya kinu, limekatwa, limechambuliwa, kila kishina kigumu kimevunjwa kwa ncha ya ukucha kama alivyokuwa akivunja yeye, limefungwa kwa kipande cha ukindu kama alivyokuwa akifunga yeye, na lina umande. Nikalichukua kwa kanga nisiliguse, nikalitupa jalalani. Kesho yake lipo jingine. Nikawa nalitupa kila uchao, na Asaad nikimwambia mboga sokoni siku hizi haziliki, na lile komeo la kilango, Bi Lina, mimi ndiye ninayelifunga na mimi ndiye ninayelifungua.

Nikaenda kliniki kwa sababu nilikosa siku zangu, kumbe nina mimba, na yule muuguzi akanishusha kope, akaangalia viganja vyangu, akapima damu, uso ukambadilika. Akaniuliza, "Mama, mboga unakula? Matunda je?" Nikadanganya. Akasema damu iko chini mno, akanipa vidonge, akaniambia wazi kwamba nikienda kujifungua na damu hii naweza nisirudi nyumbani, mimi au mtoto au wote. Nilirudi sijamwambia mtu, si Asaad, si mama yangu, nikavificha vidonge, ambavyo nikivimeza na chai vinanichefua kwa hiyo navimeza nikikumbuka, na asubuhi yake juu ya kinu palikuwa na mafungu mawili.

Nikamfuata Bi Mwatum, yupo barazani anasuka, nikamuuliza, "Bi Mwatum, siku ile ulipomkosha mama, uliona nini?" Mkono wake ukasimama kwenye mkeka. Akasema, "Yalo kwenye kukosha hayanenwi, mwanangu. Weye ushakula leo?" Akaendelea kusuka, na mimi nikakimbilia ndani.

Toka hapo kile kiganja kimerudi. Nikikaa na sahani isiyo na jani, uzito unakuja taratibu hapa shingoni unatulia, masikioni nasikia mvumo kama wa mtu anayevuta pumzi karibu yangu, na nikibeba ndoo kutoka bombani mpaka jikoni moyo unanipiga mpaka naona giza.

Sasa nafika kwenye aibu yenyewe. Mvua ikinyesha, harufu ya udongo wa ule ufuo inaingia ndani inanitafuta, mate yananijaa, najikuta nimeshachuchumaa pale, nachota chini ya mizizi ya ule mchicha, nakula. Ni laini kama unga, Bi Lina, na sishibi. Mara nyingine najitambua nikiwa tayari udongo uko mdomoni, sikumbuki nilivyotoka ndani. Juzi Asaad aliona kucha zangu, nikamwambia napanda maua. Jani lile siwezi kulitia mdomoni kwa sababu naona nitakuwa namla yeye, lakini udongo wake siwezi kuuacha.

Nimeshaongea na fundi aje apasakafie pale ufuoni kwa saruji. Au nimwite mganga? Au nirudi Moa nikazalie huko? Naogopa kufa, Bi Lina, na naogopa kwamba aliye pale uani anamtaka mwanangu.

Mke wa mtu, Ngamiani.

*

Marahaba, mke wa mtu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilishika mdomo, ya pili nikashika kiuno. Pole kwa msiba, pole kwa hofu, na hongera kwa mimba, maana naona katika purukushani yote hiyo hakuna hata mmoja aliyekupa hongera. Umemnyima kila mtu nafasi hiyo, hata baba mtoto.

Sasa nikugombeze. Jani hulitaki kwa sababu limeota kwenye ufuo, halafu ufuo wenyewe unautafuna! Hivi wewe ulipokuwa unaandika hayo hukujisikia? Ungekuwa karibu ningekufinya. Hiyo hamu ya udongo hakuna aliyekutumia. Mjamzito aliyepungukiwa damu mara nyingi hutamani udongo, wengine mkaa, wengine barafu, na wakunga wa pwani hii wanalijua hilo tangu zamani. Kisha udongo unakupa minyoo, minyoo inakunywa damu, damu ikipungua unautaka zaidi. Huo ndio mduara unaokuzungusha mpaka unachuchumaa uani bila kujijua.

Kiganja cha shingoni, mvumo wa masikioni, moyo kwenda mbio kwa ndoo moja, giza la macho, hayo yote yanaweza kuwa ni damu kidogo. Sikwambii kwamba hukisikii. Nakwambia ukapimwe tena kabla hujaanza kutafuta kiganja ni cha nani.

Mchicha nao usiufanye jini. Mbegu yake ni ndogo kama mchanga, na Bi Shemsa wako, mwanamke aliyeishi na majani mkononi, alikufa uani kanga ikiwa kiunoni. Sisi wanawake wa huku pindo la kanga ndiyo mfuko wetu. Ilipofunguliwa kanga ile wakati wa kumkosha, kilichokuwa pindoni kilianguka wapi? Udongo umechimbuliwa, umelainika, umepata maji, ua uliobaki ni mgumu. Ulitaka uote wapi, sebuleni? Na maji aliyokoshewa Muislamu kwa dua na heshima hayana laana yoyote. Muulize shekhe wa msikiti anaoswalia mumeo, atakwambia hivyo hivyo, tena atashangaa.

Bi Mwatum hakukuficha siri ya kutisha. Mkoshaji anafundishwa kukisitiri alichokiona, hata kama alichokiona ni kovu la kisu cha jikoni. Uliuliza usichopaswa kuuliza, naye kwa adabu akakujibu, kisha akakuuliza la maana, ukakimbia. Tena niambie, nani hapo kwenu ana vipande vya ukindu wa kusukia vimezagaa miguuni mwake kutwa? Na mimba kwa kina mama kama yeye haisubiri kliniki. Wanatazama shingo yako inavyopiga, basi, wameshajua kabla yako. Ningekuwa mtu wa kuapa ningeapa kwamba mafungu mawili ni yake.

Linabaki komeo. Hapo sikudanganyi, binti yangu. Nimelizungusha komeo hilo kichwani tangu jana. Labda Asaad hulifungua akikatishia hapo kwenda kuswali alfajiri. Labda unasahau kulifunga, kama unavyosahau ulivyotoka ndani. Labda. Nilipofika hapo nilinyanyuka nikawasha taa ya jikoni kwangu, na ilikuwa bado mchana. Jambo moja tu nina uhakika nalo: mwenye kukutakia shari hakai akakuvunjia vishina vigumu kimoja kimoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo Asaad akirudi dukani, kabla hajavua kofia, mwambie ana mtoto njiani na mke wake hana damu. Yeye ndiye atakayekusindikiza kliniki kesho, wala usingoje tarehe yao. Mweleze muuguzi habari ya udongo bila kuona haya na umwombe ushauri wa minyoo, usijinunulie dawa mwenyewe. Vidonge alivyokupa ni vya kila siku, mboga haivifuti na vyenyewe haviifuti mboga. Vimeze kwa maji na chungwa, chai ikae mbali kabisa na vidonge na mbali na chakula, maana hiyo chai yako ya rangi inakunyang'anya kile unachokula.

Na ule. Kila siku, si siku ukiwa na moyo. Chungwa au embe au papai lililoiva asubuhi, mboga nyingi mchana, mboga tena jioni, nusu ya sahani, samaki wako abaki, hakuna aliyemfukuza. Usiuchemshe mchicha mpaka ukawa mweusi ukamwaga maji yake. Moyo ukikataa kabisa mboga ya pale uani, soko liko mlangoni kwako, nenda kanunue matembele na kisamvu, sitakugombeza kwa hilo. Ila ile habari ya jani kuwa chakula cha siku isiyo na samaki usimrithishe mtoto. Mganga mwache apumzike, fundi wa saruji mwambie kazi imeahirishwa. Moa utakwenda ukiwa na nguvu za kwenda, na mama yako umpigie simu leo hii.

Kama kesho alfajiri utayakuta mafungu mawili juu ya kinu, usisimame hapo ukiuliza ni mkono wa nani. Osha, kata, injika motoni, kaa kitako ule. Kiganja kikija shingoni, kiache kikae. Huyo mtoto hana mdomo mwingine ila wako.

Bi Lina.