Neno Zado Lilikotoka

Manyatta, Kisumu.
17 Oktoba 1993.

Mpendwa Dada Lornah,

Kabla hata ya salamu, naomba nikufungulie moyo kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: neno "zado" nimelitunga mimi.

Sasa salamu. Hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima, ila Nyanya kule kijijini Pap Onditi bado analalamikia goti, na Baba amekataa kabisa kuvaa miwani aliyoandikiwa na daktari.

Barua yako ilifika Jumanne. Pole sana kwa yule kijana wa benki kukupiga zado siku ya kukupeleka kwa wazazi wake. Lakini uliponifafanulia, eti kwa kuwa mimi ni mshamba, kwamba kumpiga mtu zado ni kumwahidi kitu kisha kumwacha akingoja, na kwamba neno lenyewe limezaliwa Eastlands, nilicheka hadi Mama akauliza kama nina homa. Nyinyi watu wa Nairobi! Hata neno "odiero" la kumwita Mzungu mlilichukua kwetu Wajaluo bila kusema asante.

Lilizaliwa hivi. Kuna fundi wa nguo ana cherehani kwenye baraza la duka pale Kondele. Mtaa mzima humwita Fundi tu, lakini sisi tunaosali naye tunajua anaitwa Zadock. Mwezi wa Mei nilimpelekea kitambaa cha sketi ya shule. Kila nikienda: "Kesho, nyathina, mwanangu, kesho saa nne." Nikaendelea kuvaa ya zamani, ambayo sasa inaonyesha magoti. Siku moja Metrine, tunayeketi naye darasani, akaniuliza sketi mpya iko wapi. Unajua mimi kusema mbele ya watu ni taabu. Neno likanitoka tu: "Nimepigwa zado." Wote waliokuwa karibu wakacheka, na kwa mara ya kwanza hawakunicheka mimi.

Kufikia Julai wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakipigana zado kutwa. Agosti, makanga wa matatu wakalidaka. Oketch wa darasa letu, yule mwenye domo, anaapa ni Kilingala. Mwalimu wa Kiswahili anashuku Kiarabu.

Nimenyamaza, maana watu wakijua, nani atampelekea Mzee Zadock kitambaa tena? Ana watoto shuleni. Lakini Dada, inaniuma. Ni kitu pekee nilichowahi kutunga watu wakakipenda. Kwa hiyo nimekwambia wewe, na tafadhali ukija Disemba usifungue mdomo.

Jana nilikwenda kuulizia sketi. Baraza lilijaa wateja na vijana wa kupiga soga, Oketch akiwemo. Mzee Zadock alikuwa amefura.

"Yule muuza vifungo amenipiga zado!" alisema.

Vijana wakaangua kicheko. Akanigeukia mimi.

"Dorca, wewe unasoma sana. Hebu tuambie, hili neno limetoka wapi? Linanisumbua. Nikilisikia nadhani mtu ananiita."

Wote wakanitazama. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, Mzee."

"Hata wewe?"

"Wacha vitabu, mama!" Oketch akadakia. "Hiyo ni Kilingala. Mimi ndiye nilileta hapa Kondele!"

Wakampigia makofi. Mzee Zadock akampa mkono.

Mimi nikaomba sketi yangu. Ilikuwa imeshonwa, imebaki pindo. Nikaazima sindano, nikaketi kwenye benchi kando ya Oketch, nikapiga pindo mwenyewe hadi likaisha. Kisha nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani.

Nisalimie Shangazi Elsie na mdogo wetu Obiero. Mungu awafunike kwa mkono wake huko kwenye baridi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Dorca Anyango