Kabati la Baba Linapoza Maziwa

Saboti,
S.L.P. 614,
Kitale.
27 Machi 2004

Kwako ndugu yangu mpendwa Mbugua,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Kabura na watoto, na kwamba joto la huko Botswana limeanza kupungua. Ile homa ya Kim uliyoniandikia, je, iliisha kabisa? Na Mary Ann ameshazoea shule? Sisi huku hatujambo. Mama naye ni mzima, isipokuwa mkono wake wa kushoto, ambao nitakueleza. Usishtuke, haukuvunjika.

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana. Hata sasa naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji. Nikiketi tu nahisi kuna jambo nimeliacha mahali, nainuka tena.

Nilifika Saboti tarehe saba, kama ulivyoniagiza: niuze ng'ombe wawili, nifunge nyumba, nimtayarishe Mama, ili ukija likizo ya Aprili umhamishie kwenye nyumba yako ya Nakuru. Nilikubaliana nawe. Mjomba alikuwa ameshatuambia sote wawili kwamba tangu Baba afariki akili ya Mama imeanza kuruka, ati anavunja vitu vya nyumba na kuviunda upya. Nilimwachia shemeji yako Wabwile watoto, dada yake Phelista akaja kumsaidia, nikafunga kibanda changu cha nguo pale soko la Chwele, Bungoma. Nilidhani ni kazi ya siku nne.

Mbugua, kitu cha kwanza nilichoona ni kabati la Baba, lile la nguo, la mbao nyekundu. Lilikuwa nje, ukutani upande wa jikoni, chini ya kivuli cha paa. Halikuwa na mgongo wala ubavu. Pande zote Mama amezing'oa akaweka wavu wa waya, tabaka mbili, na katikati amejaza makaa. Juu kuna debe lenye matundu madogo, maji yanadondoka polepole makaa yakalowa. Nikafungua mlango. Pale yalipokuwa yakining'inia makoti ya Baba kulikuwa na makopo ya maziwa na chupa mbili za soda.

Nilishikwa na hasira mpaka nikasahau kumsalimu.

“Mama, hii si kabati ya Baba?”

“Ni yake,” akasema. “Shika hiyo chupa kwanza, ndio ugombane.”

Nikaishika. Ilikuwa baridi, Mbugua. Si baridi ya barafu, lakini baridi ya maji ya chemchemi asubuhi, na jua la saa nane lilikuwa linachoma mabati. Alinieleza kwamba upepo ukipita kwenye makaa yaliyolowa ndani kunapoa. Nikamrudishia chupa bila kuinywa. Nilikuwa bado na hasira.

Kwa juma zima hatukuelewana. Mimi nafunga vitu kwenye magunia, yeye anafungua gunia kutafuta kipande cha waya. Na si kabati tu. Mfereji wa paa unaopeleka maji kwenye tangi ameukata akautia bawaba ya mlango. Mvua ikianza, maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, yanaingia kwenye debe lililoning'inizwa. Debe likijaa uzito wake unavuta mfereji, mfereji unageuka, na maji safi yanaanza kuingia kwenye tangi. Aliyatengeneza hayo peke yake, mwanamke wa miaka sitini na saba, kwa nyundo ya Baba. Nilimkuta juu ya ngazi siku ya pili tu, leso imefungwa kiunoni, misumari mdomoni.

Nilianza kumwamini Mjomba.

Lakini kila jioni watu walikuwa wanakuja. Jelimo, jirani aliyeolewa kwa akina Kimaiyo, analeta kopo la maziwa yake ya jioni. Nyumba mbili nyingine nazo zinaleta. Lori la maziwa hupita asubuhi tu, na msimu wa kiangazi maziwa ya jioni yalikuwa yanaganda kabla ya kuchukuliwa, wanawapa mbwa. Sasa yanalala kwenye kabati la Baba, asubuhi yanakwenda. Mama ameandika majina kwa chaki mlangoni ili makopo yasichanganyike. Nilimuuliza Jelimo kama haoni Mama amebadilika.

“Amebadilika,” akasema. “Siku hizi anaongea. Mwaka jana alikuwa hasemi kitu.”

Hilo sikulitilia maanani. Nilitaka kumaliza nirudi Bungoma.

Jumanne iliyopita mvua ya kwanza ikanyesha, ile kubwa inayoteremka kutoka mlimani bila kupiga hodi. Debe likajaa, lakini bawaba ilikuwa imeshika kutu na mfereji ukakataa kugeuka. Maji yote yakawa yanamwagika ukutani. Nikamwambia aache. Akachukua stuli, akatoka na mvua ile, akapanda, akausukuma mfereji kwa ufagio. Ukageuka. Akanipungia mkono kama msichana, na hapohapo stuli ikazama upande mmoja kwenye matope. Nilimwona akianguka, sikuweza kufika.

Nilipomwinua alikuwa ameushikilia mkono na anacheka na kulia pamoja. Mimi sikucheka. Nilimwingiza ndani, nikampigia simu mnunuzi wa ng'ombe wa Endebess, nikamwambia aje Ijumaa na pikapu. Mama alisikia kila neno.

Kesho yake tukaenda zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, tukakaa kwenye benchi karibu asubuhi nzima. Nikamwambia kwamba wewe na mimi hatuwezi kumwacha aanguke tena kwa sababu ya mifereji na soda baridi. Ndipo Mama akaniambia jambo ambalo sikulijua, na nadhani nawe hulijui.

Wewe ulikuwa mbali Baba alipougua koo, na mimi nilikuwa nakuja Jumamosi tu. Mama anasema miezi miwili ya mwisho Baba hakumwomba dawa wala chakula. Alikuwa anaomba kitu baridi tu, kwa sababu koo lilikuwa linawaka moto. Kila siku Mama alikwenda kwa miguu mpaka dukani Saboti, ananunua soda iliyotoka kwenye friji, anaifunga kwa leso iliyolowa, anarudi mbio.

“Nikifika hapa ni vuguvugu,” akasema. “Na baba yako anakunywa, ananiambia asante, imepoa sana. Alikuwa ananidanganya nisiumie. Na mimi, Nyaruai, nimezaliwa kwa nyumba yenye mtungi. Maji yetu yalikuwa baridi kila siku ya Mungu, umande unatoka nje ya mtungi. Sikukumbuka. Nilikumbuka siku tatu baada ya kumzika.”

Watu walikuwa wanatusikiliza.

“Tangu hapo mikono yangu imekataa kukaa,” akasema. “Sasa mkinipeleka Nakuru nitatengeneza nini? Huko maji inatoka kwa ukuta.”

Daktari alituambia mkono umeteguka tu, akaufunga bendeji.

Ijumaa, yaani jana, mnunuzi akaja. Mama hakubisha. Aliniambia, “Ng'ombe ni wenu, fanyeni vile mmepanga,” akaingia jikoni akaanza kuchambua maharagwe kwa mkono mmoja. Yule bwana akamfunga ng'ombe wa kwanza kamba kwenye pembe, akamvuta mpaka kwenye pikapu. Nilikuwa nimesimama nimeshika lango wazi. Ndipo Jelimo akatokea na kopo lake kichwani, mapema kuliko kawaida. Akaiona pikapu, akaniona mimi. Hakuniuliza habari za ng'ombe.

“Mama yuko?” akasema. “Ama nirudi na maziwa?”

Ndugu yangu, sijui nilipatwa na nini. Nilimwambia mnunuzi amfungue ng'ombe. Akadhani nataka bei nzuri zaidi. Nikamwambia hakuna bei, nimekosea kumwita, anisamehe. Alinitukana vizuri sana na nikamwacha anitukane. Nilifunga lango nikaenda jikoni, nikaketi karibu na Mama, nikachambua maharagwe naye. Alisukuma tu ungo ukawa katikati yetu.

Sasa usiku wa jana sikupata usingizi vizuri na leo siwezi kutulia. Nimekuvunjia mpango wako bila kukuuliza. Nisikufiche pia mabaya yake: siku za mvua kabati hilo linalegea, halipozi hata nusu, na miezi ya mvua ndiyo hiyo inakuja. Mama mwenyewe anajua, ameshaanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba kwa mkono mmoja, ajaribu njia nyingine ya kupoza. Nimemwapisha asipande tena kitu chochote kirefu kuliko kiti. Jelimo ameahidi kumwangalia kila asubuhi, na Wabwile atakuja Pasaka kuushusha ule mfereji ufikiwe mtu akiwa chini. Huenda ataanguka tena. Huenda siku hiyo utaniambia, si nilikuambia. Lakini nimemwona Mama yetu akiwa hai, Mbugua, na nilikuwa nimekuja kumfungia kwenye magunia.

Kama ni kosa, ni langu. Usimlaumu yeye.

Msalimie sana Kabura, Kim na Mary Ann. Wabwile, Phelista na mwanangu Khisa wanawasalimu, hata kama Khisa anadai ulimwahidi mpira na bado anangoja. Jelimo naye anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu awalinde huko ugenini, awape kazi isiyowachosha na afya ya kuifanya.

Nimemuuliza Mama kama ana neno la kukuambia. Ameniambia niandike hivi hivi: uje Aprili kama mgeni, si kama mtu wa kuhamisha watu, na atakukaribisha na kitu baridi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikasirika,
Nyaruai
(Mama Khisa)