Nani Bora Baada ya Bi. Kiroboto

Kwako Baba yangu,

Nianze na habari ambayo ungeiuliza kabla hujauliza ya watoto: jirani yako Bwana Shee hajabadili kauli. Wewe umeshazikwa, matanga yameondolewa, naye bado anakaa kibarazani pake akimwambia kila apitaye kwamba katika kile kipindi cha redio, Mtaa wa Vurugu, hajatokea mchekeshaji kama Bwana Domo. Siku hizi hakuna anayembishia. Anasema, anangoja, kisha anautazama mlango wa chumba chako cha kushonea, ambao umefungwa.

Ulikuwa fundi wa kanzu, Baba, na hapa Kuze watu walikujua kwa mambo mawili: mishono yako ya shingo, na redio yako. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri charahani ilinyamaza. Hata siku za kuelekea Idi, watu wamejaa wakidai nguo zao, ilinyamaza. Redio ilikaa juu ya rafu, kati ya majora ya vitambaa, na Mtaa wa Vurugu ulipoanza, mlango wako ulijaa. Bwana Shee alikuwa akija mbio kutoka maghala ya Shimanzi, vumbi la magunia bado limemganda kwenye kope. Mama alisikiliza nyuma ya pazia. Mimi nilikaa chini, karibu na miguu yako, nikiokota pini.

Kipindi kile nilikikuta hewani tangu nipate akili. Uhuru ulikuja kikawa bado kipo, sauti ni zile zile. Kila wiki vichekesho vitatu au vinne vifupi: mara sokoni, mara hospitali, mara arusini. Bwana Domo alikuwa mtu wa kujigamba, ambaye kila jambo duniani alilifanya yeye mwanzo. Makoroma alilala katika kila mchezo, akaamka kusema neno moja, akalala tena. Na Bi. Kiroboto, mwenye kijisauti chembamba na adabu nyingi mno, hakuwahi kutoka nyumba ya mtu mikono mitupu.

Kipindi kikiisha mlianza kubishana. Bwana Shee alisema Domo ndiye bora, kwa sababu akifungua kinywa tu watu hoi. Mama, kutoka nyuma ya pazia, alimtetea Makoroma. "Yule nimemzoea," alisema, "nimeolewa naye." Ulicheka, lakini hukulegea. Wewe ulikuwa upande wa Bi. Kiroboto tangu mwanzo. Na mimi, ambaye katika nyumba ile sikuthubutu kukubishia jambo hata moja, hili nilikubishia. Nilikuwa upande wa Domo. Nilikwambia mbele ya watu kwamba Bi. Kiroboto hachekeshi, anasema tu kama mke wa jirani. Mama alishtuka, akadhani utanikemea. Wewe ulitoa pini mdomoni.

"Kaa kitako," uliniambia. "Wiki ijayo usimsikize akisema. Msikize kabla hajasema. Yuwavuta pumzi, kisha yuwaiwata, kimya. Hapo ndipo."

Wiki iliyofuata ilikuwa ile ya msiba, unaikumbuka. Bi. Kiroboto aliingia matangani akaomboleza kwa heshima zote, akauliza marehemu ameugua nini, akawaombea wafiwa subira. Kisha akasema, "Mimi sikuja kula. Nimekuja kutwaa sufuria yangu niliyowaazima." Wakamwambia sufuria ina wali. Na hapo, Baba, nikaisikia ile pumzi. Aliivuta, akaiwacha, redio ikawa kama imezimika. "Haya basi," akasema, "nitafanyaje? Niumwage? Si ni israfu!"

Nilicheka hadi nikalala sakafuni. Ulinitazama kutoka juu, hukunicheka, ulitikisa kichwa tu mara moja kama unavyofanya kanzu ikikaa sawa mabegani mwa mtu. Tangu siku hiyo tukawa wawili dhidi ya mtaa mzima.

Sijui ni lini nilianza kumwiga. Nadhani ni wakati ule macho yako yalipoanza kukusumbua na ukawa unakaa kimya siku nzima. Nilikuletea chai, nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti yake, "Sikuja kukaa, Fundi. Nimekuja kuitazama hiyo charahani, na kama haina nafasi humu ndani, nitakusaidia kuibeba." Ulicheka hadi ukaegemea ukuta. Ulipopata pumzi ukasema, "Haya, fanya tena." Baada ya hapo ikawa desturi yetu. Uliniketisha ukanisahihisha. Hapo umeharakisha. Hapo, mwanangu, wewe ndiye uliyecheka, yeye hacheki. Hapo nyamaza. Nyamaza zaidi. Ulinifundisha kunyamaza, Baba, kama vile mafundi wengine wanavyowafundisha watoto wao kukata kitambaa, na mimi nilikuwa nimefika umri wa kukabidhiwa mkasi lakini ukanipa hili badala yake.

Kisha wakaja wenyewe. Kikundi kizima cha Mtaa wa Vurugu kilikuwa kikizunguka pwani, na mchezo wa Mombasa ukapangwa kiwanja cha Tononoka. Wewe, ambaye hukupata kutupeleka pahali pa hadhara mimi na Mama, ulirudi kutoka msikitini ukasema, "Vaeni mabuibui." Tulikaa upande wa wanawake. Uliniashiria kwa mkono kutoka upande wa wanaume kila Bi. Kiroboto alipokuwa karibu kuvuta pumzi, kana kwamba sijui.

Na tulishangaa, si ndiyo? Tulidhani ni kijimwanamke kidogo kama sauti yake. Alikuwa bibi mkubwa, mrefu kukushinda wewe, miguu imevimba, mtu wa bara mwenye kilemba cha kitambaa cha maua. Mchezo ulipokwisha Bwana Shee, kwa lile domo lake, alimwendea moja kwa moja. "Bibi, hapa kuna msichana anakufanya wewe kuliko wewe." Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule bibi aliketi kwenye sanduku la vyombo vyao, akanyoosha miguu, akasema, "Nifanye basi, nijione."

Nikamfanya. Nilifanya ule wa sufuria. Wenzake wakacheka, Domo mwenyewe akapiga makofi. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Hapo katikati, kabla ya kusema niumwage, nani amekufunza kunyamaza?"

"Babangu," nikasema.

Alikutazama wewe kwa muda mrefu. Nawe, Baba, uliinamisha uso kama bwana arusi.

Siku ya pili alikuja Kuze, peke yake, akiuliza njia hadi akafika. Ulitoa kahawa na halwa, ukafuta kiti kwa kanzu uliyokuwa ukiishona, kanzu ya mtu. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya pazia. Ulimwambia yote. Ulimwambia vichekesho vya miaka mitano nyuma ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevisahau. Ulimwambia kwamba katika kipindi chote kile, tangu kianze, hakuna kama yeye, na kwamba ulikuwa tayari kuapa.

Alikusikiliza. Kisha akakwambia kwamba anaumwa. Miguu ile si uzee, ni moyo, na daktari amemkataza safari na kusimama. Amebakiza miezi michache kwenye kipindi. Wamejaribu wasichana wengi na hakuna aliyejua kunyamaza. "Sitaki nikuchukulie mwanao mbali," alisema. "Vipindi vingine twarikodi hapa hapa mjini. Mama yake aje naye, akae naye, arudi naye. Fundi, nipe huyu binti nimfunze yaliyobaki."

Nilikuwa nimeshika pazia. Mama alikuwa ameshika mkono wangu mwingine.

Uliweka kikombe chini. Ulisema, kwa upole, ule upole wako wa kumwambia mteja kitambaa hakitoshi: "Bibi, wewe ni mwana wa watu. Huyu ni wangu."

Hakukasirika. Alimaliza kahawa yake, akajifunga kilemba sawasawa. "Na mimi, Fundi," akasema, "nilikuwa na baba." Akashuka ngazi za kibaraza moja moja, kwa ajili ya miguu, nawe ulimsindikiza hadi mwisho wa kichochoro kwa heshima zote.

Uliporudi nilikuwa nimetoka nyuma ya pazia. Nilikwambia, "Baba, wewe mwenyewe wasema ndiye bora." Ukasema, "Ndiye." Nikasema, "Na atakufa, na hapatakuwa na mwingine." Ukakaa kwenye charahani. "Basi hapatakuwa," ulisema, na ukaanza kushona.

Kabla ya mwaka kwisha ulinioza. Sitamsema vibaya mume wangu. Anafanya kazi kwenye magari ya mizigo, analeta chakula, hajaninyooshea mkono. Ni mtu asiye na mzaha, basi. Mara moja, mwanzo mwanzo, nilimpokea mlangoni kwa sauti ya Bi. Kiroboto. Aliniuliza kama nina mafua. Nyumba yetu ya Tononoka, ukisimama uani, unakiona kile kiwanja. Redio ni ya taarifa ya habari.

Ulikuwa ukija kunitazama kila Ijumaa. Uliuliza afya, ukawapa watoto peremende, ukaitazama saa. Niliona unatafuta la kusema na mimi pia nikatafuta. Yale tuliyokuwa tukibishana yalikuwa yamekwisha, Bi. Kiroboto aliondoka kwenye kipindi, wakasema amekwenda kwao kupumzika, kisha hawakusema tena. Wakamtia mwanamume aigize sauti ya kike, akipiga mayowe. Mama aliniambia kwamba siku ya kwanza ya yule mwanamume uliinuka ukazima redio watu wakiwa wamejaa mlangoni, na Jumamosi iliyofuata charahani ililia alasiri nzima.

Ulipopatwa na kiharusi nilirudi Kuze kukuuguza. Upande mmoja wa mdomo wako ulikuwa umelala, maneno yalitoka nusu. Alasiri moja nilikuwa nakulisha uji. Ukausukuma mkono wangu.

"Fanya," ulisema.

"Nifanye nini, Baba?"

Ulihangaika sana kulitoa. "Sufuria."

Nikaweka bakuli chini. Nilijikalisha kama zamani. Nikajifanya nimeingia matangani, nikawapa pole wafiwa, nikadai sufuria yangu. Nilijua pumzi iko wapi na nikaivuta. Lakini Baba, ilikuwa imepita miaka ya kuita watoto, ya kuita muuza maji, ya kusema labeka na haya na sawa. Nilinyamaza pale ulipotaka ninyamaze, na ukimya ukawa ukimya tu, hamna kitu ndani yake. Nilisema lile neno la mwisho. Lilitoka kwa sauti ya mwanamke aliyechoka.

Ulikuwa unangoja na lile jicho moja zima. Ukanitazama kama mgeni aliyeingia nyumba si yake.

"Siye," ukasema. Ukageuza uso ukutani.

Hukuniomba tena, na siku zilizobaki hazikuwa nyingi.

Hayo ningeweza kuishi nayo. Nilikuwa nimejipangia jibu la kwa nini ulimkatalia yule bibi, na jibu hilo ndilo lililonivusha miaka yote ile: kwamba wewe ulicheka kwa sababu ni mwanao, kama baba yeyote anavyomchekea mtoto wake, na hukuona kuwa ndani yangu mna kitu. Hukuninyima lolote, maana hukujua kwamba lipo. Mtu hawezi kumkasirikia asiyejua.

Lakini jana Bwana Shee aliniita kibarazani. Anazeeka, anataka kuongea nawe na hupo, kwa hiyo anaongea na mimi. Akaniambia, "Babako mwaka ule alinishinda, na mpaka leo sijui alinishinda kwa nani." Nikamuuliza mwaka gani. Akasema mwaka nilioolewa. Bi. Kiroboto ameondoka, wanaume wamekaa kwako, na yeye akasema sasa hakuna ubishi, Fundi, Domo ndiye aliyebaki, kubali yaishe. Nawe ukasema hapana, bado yuko wa kumshinda Domo, na wa kumshinda hata Bi. Kiroboto mwenyewe. Wakakuuliza nani. Wakakushika kanzu uwatajie, wamsikilize.

"Hamtamsikia," uliwaambia. Ukaomba mkasi, ukaendelea na kazi.

Bwana Shee alinisimulia hayo akicheka. Anadhani ulikuwa unamtania. Akaniuliza kama mimi namjua ni nani. Nikamwambia simjui.

Ulijua, basi. Ulijua kuliko nilivyojua mimi, maana mimi sikupata kuthubutu kujiona namshinda Bi. Kiroboto. Ulinipima kama unavyopima kila kitu, ukaona, ukafunga.

Nakuombea kila baada ya sala, na nitaendelea, kwa sababu ni haki yako juu yangu na kwa sababu nakupenda, hilo halikupata kuwa na ubishi. Lakini usiningojee nikupe radhi kwa hili. Nimeitafuta tangu jana, nimeitafuta kwa moyo safi, na sikuiona. Huenda nikazeeka bila kuiona. Bwana Shee anasema niifungue redio Jumamosi, kipindi bado kipo, nimwambie Domo anaendeleaje. Nimemwambia sitaifungua.

Pumzika huko uliko, Baba.

Ni mimi, mwanao,
Rukia