Kitambaa cha televisheni na grille tatu

Jumapili, saa kumi alasiri. Asubuhi ilinyesha mvua ya kweli, ile ya kutuchelewesha wote misani. Sasa jua limetoka, ziwa linang'aa mpaka linaumiza macho, na mimi nimekaa barazani na kikombe changu cha tatu cha chai. Nina mafua. Nina furaha pia, na sioni sababu ya kuificha.

Nianze na baiskeli ya sebuleni, maana bila hiyo sina cha kuandika.

Tangu Papa, baba yetu, aanguke, baiskeli yake ilikuwa imesimama sebuleni kwetu, kati ya kabati la vyombo na televisheni. Mama hawezi kuvumilia mgeni aone grisi ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo alichukua kile kitambaa cheupe cha kufuma kilichokuwa juu ya televisheni, akaifunika nacho baiskeli, kuanzia usukani hadi kiti. Wageni walikuwa wanaiangalia kwa heshima, kama kuna marehemu. Siku moja padri alipokuja kututembelea aliuliza habari ya kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli:

"Papa, hii kinga iko ya kuuzisha?"

"Hapana, Padri," Papa akajibu. "Iko retraite, sawa miye."

Tulicheka: wastaafu wawili, yeye na baiskeli. Mimi nilicheka kidogo tu.

Papa alifundisha shule ya msingi Nyangezi miaka mingi, na kila Ijumaa alirudi kwetu Ibanda kwa baiskeli hiyo. Kwa mji wenye vilima kama Bukavu, kuendesha baiskeli ni kazi mbili: mlimani unaisukuma, mteremkoni inakubeba. Hata baada ya kustaafu alikuwa akienda nayo parokiani, sokoni, na kwa rafiki zake anaobishana nao habari za mpira. Halafu akaanguka kwenye mteremko ulio chini ya nyumba yetu. Pale barabara inakatizwa na mitaro mitatu ya maji, na kila mtaro umefunikwa na fito za chuma, kile tunachokiita grille. Fito hizo zimelazwa kufuata mwendo wa barabara, na nafasi kati yao inatosha kabisa kumeza tairi la baiskeli. Gurudumu la mbele likaingia, Papa akapita juu ya usukani. Mfupa wa bega ulivunjika.

Mfupa ulipona. Yeye hakupona.

"Miye na kinga tulishamalizana," alisema, na tangu siku hiyo alikuwa anaenda parokiani kwa pikipiki, amekaa nyuma ya motard, mkono mmoja umeshika kofia, uso wa mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kumwona Papa akishuka tena ule mteremko. Na dawa yake ilikuwa ndogo sana. Ukizigeuza zile fito zikakatiza barabara, tairi linapita juu. Ni kazi ya nusu siku ya mtu mwenye mashine ya kuchomea vyuma.

Basi nikaandika barua.

Mimi ni sekretari wa kitivo. Barua ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri. Niliandika nne kwa mhandisi anayeshughulikia barabara, nakala kwa kila mwenye kiti na kibandiko mlangoni. Kila moja niliipeleka mwenyewe, nikasubiri kwenye benchi, nikaambiwa "Patron iko mu mission," yaani mkubwa kasafiri kikazi, nikarudi kesho yake, mpaka nikapigiwa muhuri wa accusé de réception, ule wa kuthibitisha kwamba barua imepokelewa. Nakala zote zenye muhuri nilizihifadhi kwenye farde, yaani faili, ya kijani. Papa alikuwa anazisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla sijazipeleka, kama vile nilipokuwa darasa la nne. Aliongeza heshima. Aliongeza utangulizi. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, ya nne ilifika tatu na nusu.

Nikiri jambo hapa, maana ukurasa huu ni wangu. Nilikuwa nafurahia ile mihuri. Nilikuwa naitoa farde jioni na kuihesabu, huku grille ziko vilevile.

Mdogo wangu Bahati aliliona hilo kabla yangu. Yeye anatengeneza baiskeli karibu na soko la Essence, na wateja wake wengi ni wabeba maziwa wanaotoka Nyangezi na Kabare. Anajua nani kavunja rim na nani kavunja meno. Siku moja, tukila sombe, alinisema mbele ya wote juu ya mihuri yangu:

"Yaya, batu banaanguka, weye unakusanya bacachet."

"Na weye utakusanya bagonjwa ku hôpital, na ile marche yako," nikamjibu, maana tayari alikuwa anapanga maandamano.

Mama alisema chakula kinapoa. Kwetu neno maandamano likitajwa mezani, Mama hufanya ishara ya msalaba haraka kisha anaongeza mtu chakula. Sikumcheka. Mimi pia nilikuwa naogopa, ila nilikuwa nauita uoga wangu busara.

Bahati na wenzake wakaamua: Jumamosi, watu kumi na wawili watasukuma baiskeli zao polepole wakipanda ule mteremko, kisha watazilaza barabarani juu ya grille na kukaa chini mpaka mkubwa fulani afike. Kulikuwa na shida moja tu. Hata maandamano yanataka barua, ya kuwajulisha wakubwa. Na kati ya wale kumi na wawili hakuna aliyetaka kushika kalamu. Wakaja kwangu, wamevua kofia.

Nikaiandika. Mistari sita. Ilikuwa fupi kuliko barua zote nilizowahi kuandika, na sikumpa Papa aisahihishe.

Jumamosi hiyo, siku nane zilizopita, nilienda pia, kama mtazamaji. Ndivyo nilivyomwambia Mama. Mtazamaji huyo alikuwa amekumbatia farde ya kijani, na Bahati alikuwa amebeba kipande cha carton kilichoandikwa kwa rangi nyeusi: GEUZENI GRILLE. Tulianza vizuri. Magari yalipiga honi nyuma yetu, motard wakatutukana kwa lugha tatu, polisi wa roulage, yule wa barabarani, akatuangalia bila kuamua. Tukafika penye grille. Bahati akainua mkono ili baiskeli zilazwe.

Hapo ndipo tukasikia honi za aina nyingine.

Ulikuwa msafara wa arusi, unashuka kutoka kanisani. Gari la mbele lina maua, mpiga picha amekaa kwenye buti iliyo wazi, kamera inatuangalia sisi. Na hakuna mtu Bukavu, hata awe na hasira ya namna gani, atakayemzuia bibi arusi. Sikusikia amri yoyote. Wote kumi na wawili, pamoja na mdogo wangu mwanamapinduzi, walijisogeza pembeni kwa adabu kupisha njia. Mugisho, kijana wa maziwa kutoka Nyangezi, alisogeza baiskeli yake na bidon mbili kubwa za maziwa, na gurudumu lake likaingia kwenye grille mpaka kwenye ekseli. Baiskeli ikalala katikati ya barabara, bidon zikielekea upande wa bibi arusi.

Vifuniko havikufunguka. Nashukuru mpaka leo.

Msafara wote ukasimama. Shangazi za bibi arusi wakashuka na vitenge vyao vya sare.

"Ba papa, muache mariée apite," mmoja alisema.

"Maman, si siye tunakatala," Mugisho akasema, huku anavuta. "Ni hii grille iko inanikamata."

Wakaanza kuvuta naye. Kutoka gari la pili akashuka parrain, yaani msimamizi wa ndoa, mzee mwenye suti ya rangi ya maziwa na viatu vyeupe. Alikunja suruali, akainama, akashika rim. Wakavuta wote, ikatoka. Yule mzee akabaki ameinama, anaziangalia fito.

"Lakini hizi bafer balizipanga vibaya," alisema.

Alipoinuka nikamtambua. Ni mhandisi wangu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, akipita haraka kwenye korido huku mimi niko benchi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimsogelea, nikafungua farde juu ya boneti yenye maua, nikamwonyesha barua ya nne yenye muhuri wa ofisi yake.

"Ah," alisema. "Ni weye wa balettre quatre?"

"Njo miye, Papa ingénieur."

"Zote nilisoma. Nilisoma mwanzo. *Aménagement des infrastructures cyclables.* Nikasema aba banaomba route ya bakinga mpaka Nyangezi. Feza itatoka wapi? Nikaziweka mu dossier ya babailleurs."

Dossier ya kungojea wafadhili. Barua zangu zote nne zilikuwa zimelala humo, na heshima zake zote.

"Na grille iko page ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu. Paragraphe ya mwisho."

Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Maman, kwa nini haukuandika tu: geuza grille?"

Nilifunga farde. Bahati, nyuma yangu, aliinua carton yake juu ya kichwa changu. Shangazi walianza kulalamika kwamba ukumbi unangoja. Mhandisi akamgeukia Bahati.

"Leta ile carton."

Akaichukua, akaitia kwenye buti ya gari lake pamoja na zawadi za arusi. Nami, Mungu anisamehe, nilimkimbilia dirishani na kalamu. Nilitaka accusé de réception. Alicheka mpaka bibi arusi akageuka kwenye gari lake kutazama, kisha akaniandikia *Reçu*, imepokelewa, juu ya jalada la farde na kusaini. Msafara ukaondoka, na kwa kuwa hatukuwa tena na carton wala hasira, tuliusindikiza mpaka chini, honi kwa kengele. Polisi wa roulage akatufungulia njia.

Jumatano walikuja watu wawili na jenereta. Wakageuza grille ya kwanza. Wakageuza ya pili. Ya tatu imeshikwa na saruji, walisema watarudi na vifaa vingine. Tangu Jumatano Bahati anasema bila maandamano mhandisi asingeinama, na mimi nasema bila barua asingejua mimi ni nani. Tumebishana siku nne kwa raha kabisa. Kweli yenyewe ni kwamba yeye alikuwa amesimama barabarani bila kueleweka, na mimi nilikuwa nimeeleza bila kusikika. Kilichofanya kazi ni maneno mawili juu ya carton. Hilo sijamwambia Bahati, ataliandika kwenye mlango wa karakana yake.

Papa tulimweleza yote. Nilipofika kwenye ukurasa wa tatu, paragrafu ya mwisho, alikohoa. Alitazama kalamu yake nyekundu mezani. Akaingia kulala mapema, na mimi nikajilaumu kwa kusimulia vizuri mno.

Leo baada ya misa alisema anatembea peke yake kidogo. Nilimfuata kwa mbali, ndivyo nilivyo. Alienda mpaka grille ya kwanza. Akaipiga kwa kiatu. Akachuchumaa katikati ya barabara, motard wakimpigia honi, akapitisha kidole kati ya fito moja na nyingine, kama alivyokuwa akipima nafasi kati ya maneno kwenye madaftari yetu. Kisha akarudi nyumbani, akaingia sebuleni, akaondoa kitambaa juu ya baiskeli. Alikikunja mara nne, akampa Mama.

Tulisimama getini, Mama, Bahati na mimi. Papa aliisukuma mpaka juu, akageuka, akapanda.

Alishuka polepole, breki zikilia. Grille ya kwanza, akapita. Ya pili, akapita. Mama alikuwa ameng'ata kile kitambaa. Mbele ya ya tatu Papa alisimama, akashuka, akainua baiskeli kwa mikono yake miwili, hata ule wa bega lililovunjika, akaivusha, akapanda tena, akapotea kwenye kona. Nililia. Siyo mafua.

Alirudi baada ya nusu saa, anasukuma, anatoa jasho, anaongea tangu mbali.

"Ya tatu ingali. Bahati, tafuta carton ingine. Miye njo nitakuwa mbele. Nsimire, andika lettre. Page moja tu, na usiniletee nisahihishe."

Sasa wako uani, yeye na Bahati, wanatia mafuta kwenye cheni. Yamedondoka kwenye ngazi na Mama ameyaona akayaruka. Televisheni imerudishiwa kitambaa chake. Pale baiskeli ilipokuwa pamebaki alama mbili nyeusi za matairi sakafuni, na Mama, ambaye hufuta kila kitu, amesema zisifutwe leo.