Tangu Azikwe, Hakijapotea Hata Kijiko

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge,
2 Juni 2024

Mpendwa dada Biasha,

Assalamu alaikum, na amahoro, amani ya huku kwetu, juu yake. Goti lako linaendeleaje? Shemeji Ibrahim, kikohozi kimemwacha? Watoto najua ni wazima, maana picha zao zinanifikia, wamenenepa wote kana kwamba Ujiji hamfungi Ramadhani. Huku na sisi tu wazima. Ziwa limepanda hadi limeingia nyumba za chini, watu wamehamia kwa ndugu zao, lakini kwetu halijafika.

Simu sikuitaka kwa jambo hili. Kwa simu ungenikatiza kwa kulia, au ungeniuliza kama nimemeza dawa. Dawa nimezitupa chooni, na barua haikatizwi.

Unajua nilivyokuwa nikisemwa: Tahira anasahau. Funguo, chumvi, kadi ya chanjo ya Raisa, vyote eti nilivipoteza mimi. Feruzi akivitafuta kwa upole, akinishika bega mbele ya wageni, na nikilia anawaomba wageni waniombee dua. Miaka tisa, dada. Hata wewe uliniambia nimshukuru Mungu kwa kunipa mume mwenye subira.

Basi nikuambie. Tangu azikwe, hakijapotea hata kijiko.

Mwanzoni nilidhani msiba umenitibu. Kisha nikaogopa. Eda imenifungia ndani, sina pa kwenda, nikaanza kujipima. Ufunguo wa stoo niliuweka ndani ya kikombe dirishani, nikauacha siku tatu, nikarudi. Upo. Vijiko nikavihesabu asubuhi na jioni kama mwendawazimu hasa, na kila mara ni kumi na viwili.

Siku ya arobaini tulifungua sanduku lake ili nguo zigawiwe. Chini ya kanzu kulikuwa na mfuko uliofungwa kwa kamba. Ndani kulikuwa na hereni ya mama yetu, ile niliyoililia mwezi mzima. Kadi ya chanjo. Funguo tatu. Na barua zako mbili ambazo aliniambia nilizichoma mwenyewe halafu nikasahau. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu. Aliuangalia ule mfuko, kisha akaendelea kukunja kanzu.

Nikawa najiuliza, mtu amfanyie mkewe hivi kwa faida gani? Jibu lilikuja mwezi uliopita na Dismasi, yule anayetukamulia mawese tangu kabla sijaolewa.

Samahani, itabidi nikurudishe kwenye kifo cha binti yangu, Kadidja wetu. Unakumbuka ilivyosemwa: mtoto wa miaka mitatu, sufuria ya mawese yanayochemka, na mimi niliyeiacha wazi nikaenda kuswali alasiri. Mimi nilisema nilifunika. Nilifunika kwa bati na juu nikaweka jiwe. Feruzi akanijibu, tena kwa upole, kwamba hapakuwa na bati wala jiwe, ni huzuni inaniotesha. Jiwe sikumtajia mtu mwingine yeyote. Niliona haya.

Siku ya maziko ya Feruzi iliulizwa, kama desturi, mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Dismasi alikuwepo, akanyamaza. Yeye ni Mkristo, alidhani wanaulizwa Waislamu, tena wa pesa tu. Baadaye mtu akamweleza kwamba haki ni haki, hata ya neno. Akaja. Nikiwa kwenye eda hakuingia, alisimama nje ya pazia, na mama mkwe alikuwa ndani pamoja nami.

Alisema hivi: "Mama Raisa, weye ulifunika. Niliona na macho yangu. Jiwe iko juu ya bati. Ni yeye alilitoa, alitaka kuchota, simu ikalia, akaenda nayo mpaka ku barabara. Aliniambia nikisema, kazi imeisha."

Jiwe, dada. Sikumuuliza habari za jiwe.

 Feruzi alinifanya niamini kwamba nasahau chumvi, ili nisije siku moja nikakumbuka bati. Na bado ninampenda, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Pikipiki kama yake ikipita nje, moyo wangu unakwenda mlangoni kabla yangu.

Dismasi alipoondoka mama mkwe alinishika mikono. "Mwanangu, maiti haisemwi. Msitiri." Nikamwambia mwanawe nilimsitiri kwa sanda, na hiyo inamtosha.

Sasa sikia lililobaki. Eda inaisha Ijumaa ya tarehe 14. Siku hiyo baada ya swala shemeji yangu Waziri ameita kikao cha ukoo. Anataka kumchukua Raisa akamlee kwake Kizuka, kwa sababu mtoto haachwi na mama asiye na kichwa. Mama mkwe ameniahidi kwamba nikinyamaza juu ya Feruzi, yeye atasimama na Raisa atabaki kwangu. Waziri hawezi kumpinga mama yake.

Usiku wa kwanza nilitaka kukubali. Asubuhi nikamtazama Raisa akisuka nywele za mwanasesere wake, nikajiambia: atabaki, ndiyo, lakini atabaki na mama aliyemuua dada yake. Hiyo sitaki. Njia ya mwongo ni fupi, na hii nimeitembea ya kutosha. Juzi nimewasha moto mwenyewe, Raisa kando yangu, mara ya kwanza tangu azaliwe. Nimemfundisha kufunika sufuria.

Nitasema kikaoni. Dismasi amekubali kusimama, lakini Waziri atadai nimemnunua. Ninahitaji mtu wa damu yangu kwenye mkeka ule. Njoo, hata goti likigoma. Usipokuja nitasema peke yangu, na nikinyang'anywa mtoto kwa kusema kweli, nitamfuata Kizuka kila asubuhi hadi wanichoke.

Ukifika, usiniulize kama nalala vizuri. Kabla hujavua viatu, niambie, "Tahira, ulifunika." Miaka tisa hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia.

Nisalimie shemeji, na wanao mmoja mmoja. Raisa anakuulizia zawadi, hana aibu huyu. Mola akufungulie njia, akulinde ardhini na majini, na amrehemu Kadidja wetu.

Mdogo wako anayekupenda, mwenye akili zake timamu,

Tahira