Kibanda cha Mvuke

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Unakula vizuri huko kwenye visima vyenu? Mimi mzima, isipokuwa hii miguu, na unaijua ilivyo korofi. Barua nampa dereva wa lori la maji, maana simu huku bondeni ni pambo tu.

Wenzako wamemaliza kuchimba kisima cha mvuke nyuma ya kilima chetu. Siku walipokifungulia kilinguruma kutwa, kuku wakagoma kutaga. Tangu hapo lile tundu la mvuke ardhini, tulilolijengea kibanda, linapumua kwa shida. Mahindi ya majirani yalikuwa yanakauka kibandani kwa siku mbili. Sasa wiki inapita yako kichanjani, yanaota ukungu. Hata lile bomba linalopooza mvuke na kunidondoshea maji ya kunywa halijazi pipa tena. Hebu waulize wakubwa zako mvuke wangu wameupeleka wapi.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, ila kwa gesi ya visimani nanuka mayai viza kutwa nzima. Nikiingia kantini watu wanahama meza.

Nimeuliza. Mhandisi anasema joto la chini ya ardhi ni lilelile moja. Kisima kikivuta, tundu lako linakosa. Ndiyo hivyo, mama. Ila anasema umeme utawafikia, joto litakalobaki litapelekwa kwenye vitalu vya maua, na kijiji kitajengewa kikaushio cha nafaka. Kwa sasa njoo ukae kwangu. Chumba ni kimoja, tutabanana.

Kitinda mimba wako

2 Mei

Marahaba baba,

Kikaushio! Mimi ninacho tangu hujazaliwa, tena bila kofia ya plastiki kichwani kama ya wahandisi wenu. Sihami ng'o. Nikikiacha kibanda nitakuwa bibi wa kupimiwa unga na mkeo, na hilo sitaki.

Umeme umefika kweli. Umepita juu ya paa langu kwenye nguzo ndefu na kwenda zake. Kikaushio hakuna anayekitaja tena.

Lakini mama yako hajalala. Nimekandika kibanda chote kwa udongo, kila ufa, hadi ule mwanya wa juu ya mlango aliouacha marehemu baba yako, ili mvuke uliobaki usinitoroke. Joto limerudi! Siku za mwanzo harufu ilinikaba, macho yanawasha, kichwa kinagonga. Sasa nikiingia inanipiga mara moja tu, kisha sisikii kitu. Naona imekwisha. Baridi imezidi, kwa hiyo leo nahamishia kitanda humo, miguu ipate ahueni.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo mama,

Toka humo! Ukifika hapa iache barua, toka nje, ndipo uendelee kusoma.

Harufu haijaisha. Ile gesi ya mayai viza iliyomo kwenye mvuke ikizidi inaua pua kwanza, halafu inamuua mwenye pua. Ndiyo maana sisi tunavaa kipima gesi kiunoni, hakuna anayeamini pua yake. Baba aliuacha ule mwanya akijua anachofanya. Bomoa, mama, nakupigia magoti. Msimamizi amekataa kuniruhusu hadi wiki ijayo. Dereva nimemsihi asisimame popote njiani.

Kitinda mimba wako

3 Juni

Shikamoo mama,

Mkono umezoea kuanza hivyo. Nimeshaandika, sasa sijui nimwulize nani hali.

Dereva alinirudishia barua yangu ikiwa imefungwa vilevile. Alisema aligonga sana. Nikaondoka kazini bila ruhusa, na kipima gesi kililia kabla sijavuka kizingiti chako. Ulikuwa umelala ubavu, miguu umeielekeza kwenye tundu. Nimeuzibua mwanya wa baba kwa mikono yangu, nikijua kabisa kwamba haisaidii tena.

Tumekuzika kando ya baba. Kisima kilinguruma muda wote, ikabidi watu waombe kwa kupaza sauti. Kesho narudi kuchimba kisima kingine, sina kazi nyingine ninayoijua. Nimechoka, mama, na nimewakasirikia watu wote, na wewe pia.

Mahindi ya jirani nimemrudishia. Yalikuwa bado mabichi.

Kitinda mimba wako